Saa 1,500 za Rubani

Nchini Marekani, rubani msaidizi wa shirika la ndege za abiria hana budi kuwa na saa 1,500 za kuruka. Zamani 250 zilimtosha. Sharti hilo lilizaliwa na ajali ya usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air kutoka Newark ilipoangukia nyumba karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba hiyo.

Ndege haikuwa na hitilafu. Ilipokaribia kutua, mwendo ulipungua mno bila marubani kutambua, mpaka usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwa kapteni. Mtetemo huo ni onyo. Bawa hubeba ndege maadamu hewa inateleza vizuri juu yake. Pua ikiinuka kupita kiasi, hewa hubanduka na bawa halibebi tena. Dawa yake hufundishwa mapema katika shule ya urubani: pua ishushwe, injini iongezwe nguvu. Kapteni aliongeza nguvu, lakini akavuta usukani. Pua ikapanda, ndege ikaporomoka. Uchunguzi ulibaini kwamba aliwahi kufeli mitihani kadhaa ya kuruka, na kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini.

Familia za waliofariki hazikunyamaza, na mwaka 2010 sheria mpya ikapitishwa. Kanuni ya saa 1,500 ilianza 2013. Waliofunzwa jeshini hukubaliwa na saa 750, wenye shahada ya urubani 1,000. Mapumziko kabla ya zamu yakawa angalau saa 10, na mwajiri hulazimika kukagua mitihani aliyofeli rubani.

Hata hivyo, kapteni wa Buffalo alikuwa na zaidi ya saa 3,300, na mwenzake zaidi ya 2,200. Kanuni ya saa isingewazuia. Tena vijana wengi hukusanya saa hizo wakifundisha wanafunzi katika vindege vya injini moja, kazi isiyofanana sana na kuendesha ndege ya abiria. Badiliko lenye uzito zaidi halikuvuma: tangu 2019 mashirika ya ndege za abiria yanapaswa kuwafunza marubani ndani ya simuleta jinsi ya kuiokoa ndege ambayo mabawa yake yameshaacha kabisa kuibeba. Awali mazoezi yaliishia kwenye onyo.