Maji ya Mtambo wa Makonyo na Udongo wa Kuyasafisha



Baadhi yenu mmetuuliza kama ni kweli uko udongo unaoweza kuondoa mafuta katika maji yatokayo kwenye mtambo wa kukeneka makonyo na majani ya mikarafuu. Twajibu kuwa ni kweli, lakini si udongo wowote wa kuchimba na kutia.

Mafuta ya karafuu ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hivyo mengi hutuama chini yakakusanywa. Lakini kiasi kidogo huyeyuka na kutoka pamoja na maji. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, ile ile itulizayo jino linalouma. Wataalamu wa samaki huitumia kuwalevya samaki wanapotaka kuwashika. Ikizidi, samaki hufa. Basi amwagaye maji hayo mtoni awadhuru samaki, na huenda akakiharibu kisima cha jirani.

Udongo tuusemao ni wa jamii ya mfinyanzi, huitwa bentonaiti. Umejengwa kwa tabaka nyembamba mno, mfano wa kurasa za daftari. Tabaka za gramu moja tu zikitandazwa zote, huenea kiasi cha mita za mraba 700. Baina ya kurasa hizo mna chembe za sodiamu au kalisi zinazovuta maji, na maji yakishaingia mafuta hayapati pa kukaa. Ndiyo sababu udongo mbichi haufai kwa kazi hii.

Mwaka 1949, huko Marekani, John W. Jordan alieleza habari za udongo ambao chembe zake zimeondolewa, pakatiwa dawa za jamii ya amonia zenye mikia mirefu kama ya mafuta. Udongo wa namna hiyo hukataa maji na kupokea mafuta. Ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Kwanza ulitumika katika rangi na grisi, baadaye katika kusafisha maji.

Kazi hufanywa hivi: maji hutuamishwa kwanza, kisha hupitishwa katika udongo huo uliochanganywa na kokoto za makaa ili usizibe, na mwisho katika makaa maalumu ya kuchujia.

Twawaonya mambo matatu. Msijaribu kuutengeneza nyumbani, kwani dawa yake ikivuja yenyewe huua samaki. Udongo uliokwisha kushiba usitupwe mtoni wala shambani, kwa kuwa sumu haikutoweka, imehama tu. Wala msidhani maji hayo yamekuwa ya kunywa.

Ambaye hana udongo huo aanze na birika la saruji la kutuamishia maji. Atayapunguza mafuta yaendayo mtoni, na yale yatakayotuama chini ni mali yake.