Mchanga Unaong'aa Mtoni: Je, ni Mali?

Masika moja hapa Bujonde mkulima mmoja alinijia nyumbani usiku. Mkononi alishika kichupa chenye mchanga uliong'aa.

"Bwana shamba," aliniambia kwa sauti ya chini, "nimepata dhahabu mtoni. Usimwambie mtu."

Kwa wiki tatu alikuwa akichimba ukingo wa mto. Mpunga wake haukupaliliwa. Tena alikuwa amempa mgeni mmoja fedha ili akaupime mchanga huo mjini. Mgeni hakurudi.

Mchanga ule haukuwa na dhahabu. Uliong'aa ni ulanga, yaani vipande vyembamba vya jiwe vinavyometameta juani. Mwaka ule mkulima huyo alivuna magunia manne, naye alizoea kuvuna kumi na mawili. Ili tusipate hasara kama yake, tujifunze jinsi madini yanavyotokea ardhini.

MADINI HUKUSANYWA

Udongo wa shamba lako una chuma kidogo. Hata dhahabu imo katika mawe mengi, lakini ni kidogo mno. Ni kama punje za mpunga zilizomwagika barabarani kutoka Kyela hadi Mbeya. Mpunga upo, lakini nani ataokota punje mojamoja? Mpunga wenye faida ni ule uliolundikwa pamoja. Madini ni hivyo hivyo. Basi tujiulize: ni kitu gani huyakusanya?

Kwanza, joto la ardhini. Chini sana ardhini kuna joto linaloyeyusha mawe. Mawe hayo yakipoa polepole, chembe nzito za chuma huzama na kulundikana. Hivyo ndivyo kilivyotokea chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, mashariki ya Ziwa Nyasa. Zamani wazee wetu walipata majembe kwa Wakinga wa Milima ya Livingstone, ambao waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe.

Pili, maji ya moto. Umeona chemchemi za maji moto karibu na Mto Mbaka? Maji kama hayo hupita katika nyufa za miamba, yakiwa yamebeba madini ndani yake. Mchuzi wa nyama ukipoa, mafuta huganda kandoni mwa chungu. Vivyo hivyo, maji hayo yakipoa, madini huganda ndani ya nyufa. Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, iliganda hivyo katika miamba zamani sana.

Tatu, mto. Mvua huvunja miamba, na mto huchukua vipande. Vyepesi huenda mbali. Vizito hutua mapema, hasa kwenye kona za mto. Mto hupepeta kama mama anavyopepeta mchele kwa ungo. Dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, watu waliipata katika mchanga wa mto, nao waliichekecha kwa karai.

Nne, kinamasi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, mimea mingi ilianguka katika vinamasi vya sehemu zetu hizi. Tope liliifunika, likaigandamiza, na joto likaigeuza kuwa makaa ya mawe. Hayo ndiyo makaa ya Kiwira.

JARIBU MWENYEWE

Chukua sumaku ya redio mbovu. Ifunge kwa karatasi, kisha ipitishe juu ya mchanga mkavu wa mto. Chembe nyeusi zikinasa, ujue zina chuma. Lakini chembe chache si mgodi.

Ukipata kitu kinachong'aa, kiweke majini. Ulanga ni mwepesi. Maji yakitikiswa, huelea na kuzungukazunguka. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, hivyo hubaki chini. Kisha kigonge kwa nyundo. Dhahabu hubonyea na kuwa bapa. Yako mawe mengine ya rangi ya dhahabu ambayo huvunjika yakawa unga na kutoa harufu ya kiberiti. Hayo si dhahabu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Usimpe mtu usiyemjua fedha za kupima mawe. Mpelekee jiwe lako Afisa Madini Mkazi wa mkoa.

Usichimbe bila leseni. Kwa sheria ya Tanzania, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lako. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini.

Usibomoe kingo za mto. Ukingo ukibomoka, maji ya masika yataingia katika mpunga wako na wa jirani yako.

Usisahau kwamba mito inayoshuka kutoka Rungwe imekuwa ikitukusanyia udongo wenye rutuba tangu zamani. Katika udongo huo tunapata mpunga na kakao. Mali hiyo haihitaji kupimwa mjini. Inahitaji jembe, na palizi kwa wakati wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja vitu vinne vinavyokusanya madini.
2. Kwa nini dhahabu hutua kwenye kona za mto?
3. Mgeni akikuomba fedha akupimie mchanga, utamjibu nini?