Jinsi Msuli Uvutavyo

Wasikilizaji wetu, kunjeni mkono, kisha shikeni nyama iliyo baina ya bega na kiwiko: mtaiona imejikusanya, imekuwa ngumu. Huo ndio msuli. Sisemi ule wa kuvaa. Mkiunyosha mkono, hufanya kazi msuli mwingine ulio nyuma, kwa maana msuli hujua kuvuta tu, kusukuma haujui.

Msuli ni mafungu ya nyuzi, umefungwa mifupani kwa kano. Ndani ya kila uzi mna nyuzi ndogo mno, nene na nyembamba, zimepishana kama vidole vya mikono miwili. Amri ifikapo kwa mshipa wa fahamu, vichwa vidogo vya zile nene hushika zile nyembamba, huvuta, huachia, hushika tena mbele, mfano wa mabaharia wapandishao tanga. Nyuzi zenyewe hazifupiki, huteleza tu. Hayo yalielezwa mwaka 1954 na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na mbali nao Hugh Huxley na Jean Hanson.

La ajabu ni kwamba nguvu ya chakula yahitajiwa hata kwa kuachia. Ndiyo sababu mbuzi aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache: nguvu imekwisha, vichwa vimeshika, wala havibanduki mpaka nyuzi zenyewe zianze kuharibika.