"Mara kwa Mara" ni Mara Ngapi?



Kikundi kimoja huku kwetu Murera karibu kivunjike, na hakuna mtu aliyeiba. Katiba yao ilisema: "Kila mwanachama atatoa mchango mara kwa mara." Wengine wakawa wanatoa kila Jumamosi. Wengine walingoja pesa ya maziwa. Mama mmoja alitoa mara tatu kwa mwaka mzima, na alipoulizwa akajibu, "Si nimetoa mara kwa mara?" Majirani wakaacha kusalimiana. Na kusema kweli, mama yule hakuwa amevunja kanuni yoyote. Kosa lilikuwa la maneno.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba ndipo kiandikishwe. Kwa hivyo tuangalie maneno haya pamoja.

1. Maneno yasiyohesabika. "Mara kwa mara", "mara nyingi" na "kila mara" ni mazuri ya kuongea tu. "Daima" na "mfululizo" ni ya jambo lisilokatika, kama maji ya mto. Msiyaandike mahali pa pesa.

2. "Mara mbili kwa mwezi" si sawa na "kila wiki mbili". Mwaka una miezi 12, kwa hivyo ya kwanza ni mara 24. Lakini mwaka una wiki 52, kwa hivyo ya pili ni mara 26. Mchango ukiwa shilingi 200, tofauti ni shilingi 400 kwa kila mtu. Mkiwa watu 20, hiyo ni shilingi 8,000. Mweka hazina ataulizwa ziko wapi, na hajazila!

3. "Kila baada ya siku mbili". Aliyenyweshea miche Jumatatu, atarudi lini? Mmoja atasema Jumatano, mwingine atasema Alhamisi. Miche itakauka wakibishana. Katika zamu, andikeni majina ya siku.

4. "Kwa mwezi". Umekopa shilingi 5,000 kwa miezi sita, riba asilimia 10. Kama riba ni ya mara moja, utarudisha 5,500. Kama ni asilimia 10 ya mkopo wote kwa mwezi, utarudisha 8,000. Maneno mawili tu yamebeba shilingi 2,500.

5. "Huchanga" na "atachanga". Ukisema "mwanachama huchanga kila wiki", unaeleza mazoea tu, kama kusema jogoo huwika. Kanuni inahitaji "atachanga" au "ni lazima achange".

Kwa hivyo, katika mkutano ujao chukueni katiba yenu mwisome kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Kila mahali panapotajwa wakati, ulizeni: Mara ngapi? Siku gani? Mpaka lini? Jibu lisipopatikana, rekebisheni na muandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kikundi kile kilibadilisha sentensi yao. Sasa inasema: "Kila mwanachama atatoa shilingi 100 kila Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni." Yule mama bado ni mwanachama, na hutoa.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni vizuri wote wajue haba inayofuata inakuja lini.