WENYEJI WA MAKOMBE

Jina la Ikola, kijiji cha wavuvi kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, linajulikana kwa watu wa Ujerumani na Marekani ambao hawajapata kukanyaga Afrika. Hawalijui kwa ajili ya dagaa wala migebuka. Wanalijua kwa ajili ya samaki mmoja mweusi mwenye mkanda mpana wa manjano, wa jamii iitwayo Tropheus, ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo humwita kwa jina la kijiji hicho. Kipili na rasi ya Mpimbwe nazo zimepata sifa kama hiyo. Majina ya mwambao wetu yamebandikwa juu ya matangi ya kioo ng'ambo, ilhali mtoto wa shule mjini Mpanda aweza kumaliza masomo yake bila kumwona samaki hata mmoja kati ya hao akiwa hai.

Jambo hili latupasa kulifikiri, sisi wa bara, ndugu zetu wa visiwa vya Ulwile, Mvuna na Kerenge, na zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya uvuvi na elimu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake lililolipita. Ndani yake mna aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa sato na perege, na karibu zote hazipatikani penginepo. Mkubwa wa ukoo huo duniani ni kuhe, ambaye kila mvuvi wa Karema anamfahamu. Walio wadogo kabisa nao wamo humu humu, na ndio tunaotaka kuwasemea leo, kwa kuwa hawaliwi na kwa hiyo hawana mtetezi.

Samaki hao hukaa katika makombe matupu ya konokono. Konokono mwenyewe, Neothauma, ni wa ziwa hili tu, na makombe yake yamelundikana chini ya maji kwa eneo kubwa, mengine yakiwa na umri wa mamia ya miaka. Mmoja wa wapangaji wake alipewa jina la kitaalamu la multifasciatus na Boulenger wa London mwaka 1906. Dume hafiki sentimita tano, na jike ni mdogo kuliko yeye. Huishi kwa ujamaa wa kweli: kundi zima huchota mchanga kwa vinywa na kuyafukua makombe yao, kila mmoja akiwa na lake, na watoto hubaki kando ya wazazi badala ya kufukuzwa. Mwenzake, ocellatus, hupendelea upweke. Yeye hulifukia kombe mchangani hata ukabaki mlango tu, kisha husimama mlangoni akimtisha kila apitaye, hata kidole cha mwanadamu. Wote wawili hutaga mayai ndani ya kombe, na mama ndiye ayalindaye.

Biashara ya kuwasafirisha samaki wa ziwa hili wakiwa hai ilipata nguvu Bujumbura kuanzia mwaka 1971, chini ya Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye pia aliandika vitabu juu yao. Baadaye Kigoma na Zambia nazo ziliingia. Hatuilaani biashara hiyo. Ikifanywa kwa kibali na kwa kiasi, humpa kijana mzamiaji riziki isiyohitaji kokoro. Tunachokiona kuwa kasoro ni kwamba ujuzi wa kuwatunza umekwenda pamoja na samaki, haukubaki hapa.

Na ujuzi wenyewe si wa miujiza. Tangi la lita 60 latosha kundi dogo la multifasciatus. Liwekwe mchanga laini wa kina cha vidole vitatu, na makombe yazidi idadi ya samaki, vinginevyo watapigana. Maji ya ziwa yana asili ya magadi kidogo, kipimo cha pH kikiwa kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na joto la juu yake ni nyuzi 24 hadi 29. Anayetumia maji ya mvua au ya kisima chepesi hana budi kuyaongezea chokaa kwa mawe ya chokaa au mchanga wa matumbawe. Maji ya bomba yenye klorini yalazwe ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumiwa.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Tangi jipya huonekana safi, mtu akatia samaki siku hiyo hiyo, na baada ya juma moja wamekufa wote. Akasema samaki hawa ni dhaifu mno. Sivyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza huchukua wiki nne hadi sita kuzoea makao. Katika maji ya magadi amonia ni sumu kali zaidi kuliko katika maji ya kawaida, kwa hiyo subira ya mfugaji wa samaki wa Tanganyika yapasa kuwa ndefu kuliko ya mwingine. Baada ya hapo robo ya maji ibadilishwe kila juma, na chakula kiwe kidogo: viluwiluwi vya mbu wanavifurahia sana. Neno jingine: samaki wa tangi asiachiliwe kamwe katika mto au bwawa asilotoka.

Lakini tangi haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa. Makokoro, ambayo sheria inayakataza, huburura sakafu ya mchanga penye makombe. Vilima vikikatwa miti, mvua huteremsha udongo unaofunika mawe na makombe, na watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba penye udongo mwingi aina za viumbe hupungua. Serikali ilionyesha uwezo wake ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka. Tungependa kuona juhudi kama hiyo ikipanda vilimani, kwani kufunga ziwa miezi mitatu hakuzuii tope la masika.

Kwa upande wa elimu ombi letu ni dogo. Idara ya uvuvi, ikishirikiana na kituo cha TAFIRI cha Kigoma, itoe kibali na mafunzo kwa shule chache za sekondari, tuseme moja Mpanda, moja Karema na moja Kipili, ziweke tangi darasani. Fundi wa vioo wa mjini aweza kuliunda. Makombe yaokotwe yale yaliyotupwa ufukweni na mawimbi, yasichukuliwe ya chini ya maji yenye wakazi. Samaki kumi wanatosha kuanzia, kwa kuwa multifasciatus akitunzwa vema huzaa mwenyewe tangini, na shule ya kwanza itaweza kuigawia ya pili pasipo mtu kurudi ziwani na wavu.