Usitoe pesa kabla ya kuifungua kamera

Juzi baada ya sala ya Alasiri alinijia nyumbani binti wa ndugu yangu. Akanishika mkono, akaniamkia, akaketi. Nikajua ana haja, kwani vijana wa leo hawaketi bure.

"Ami," akasema, "nataka kununua kamera ya filamu, ya mkono wa pili. Niende nayo Lamu kwenye Maulidi pamoja na mama, kisha nianze kazi ya kupiga picha za arusi."

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 30,000. Katika simu yake mlikuwa na picha ya kamera aliyokuwa akiiuza mtu mmoja wa mjini, inang'aa kama sinia ya shaba siku ya Idi.

Huenda msomaji akauliza: filamu ya nini tena, na simu imejaa kila mfuko? Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Jawabu lake lilinipendeza. Alisema bi arusi wa kwetu hataki sura yake, siku aliyojipamba kwa ajili ya mumewe na kina mama wenziwe, iruke simu hadi simu mpaka ifike kusikojulikana. Akipigwa kwa filamu, tena na mwanamke mwenziwe, ikasafishwa nyumbani kwa mikono iyo hiyo, atakabidhiwa picha zake pamoja na negativu, na maneno yamekwisha. Kwa picha za rangi kazi ina taabu zaidi, lakini nyeusi na nyeupe husafishwa kwa kopo maalumu, dawa mbili tatu na maji safi. Hapo nikaona huyu hakukurupuka.

Lakini ile kamera ya kung'aa nilimwambia asiiguse mpaka nimpe kisa changu.

Mwaka 1996 nilinunua kamera kuukuu katika duka moja, jina nalihifadhi. Nayo iling'aa. Nikasafiri nayo kwenda Lamu kwenye Maulidi, na huko nikakutana na mwalimu wangu wa chuoni, yule aliyenifunza Juzuu Amma kwa kijiti mkononi. Hakuwa mtu wa kupenda picha. Siku hiyo, sijui ni furaha ya kuonana, alikubali. Jua lilikuwa kali, nikaweka mwendo wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, nikampa rafiki kamera, tukasimama bega kwa bega. Filamu iliposafishwa Mombasa, upande wangu ulitoka vizuri. Upande wa mwalimu ulikuwa kiza kitupu. Umesalia mkono wake tu, uko begani kwangu. Mwaka uliofuata alifariki, Mungu amrehemu, wala hapana picha nyingine.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kamera za namna ile mna mapazia mawili mbele ya filamu. La kwanza hufunguka, la pili hulifuata likifunga. Mafuta yakiganda kwa uzee, pazia la kwanza hulegea na la pili hulifikia njiani, mwanga ukakatika. Ukipiga kwa mwendo wa polepole huoni ila. Ukipiga kwa mwendo mkali, upande mmoja wa picha hutoka mweusi. Lau ningelijua, kuipima kungelinichukua dakika moja. Utatoa lenzi, utafungua mlango wa nyuma, utaielekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, kisha utabonyeza kwa mwendo mkali kabisa huku jicho likiwa nyuma. Ukiona dirisha zima la mwanga, sawa. Ukiona upande umebaki kiza, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Kisha weka sekunde nzima uisikilize: isinate wala isisite.

Adui wa pili kwetu sisi watu wa pwani ni ukungu. Joto letu na unyevu wa bahari huulea. Kamera iliyofungiwa kabatini miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi huota ndani ya lenzi nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na nyuzi hizo hula vioo. Mulika tochi upande mmoja, uchungulie upande wa pili. Na ukishainunua, iweke penye hewa, pamoja na vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo sisi huvitupa. Sponji nyeusi za mlangoni zikiwa zimeyeyuka kama lami, hilo si kubwa. Hubadilishwa kwa pesa kidogo.

Ama aina, wenye uwezo nawaambia watafute Nikon FM2 iliyotoka mwaka 1982. Pazia lake ni la chuma, na betri ni ya kupimia mwanga tu. Ikifa, kazi inaendelea. Steve McCurry alitumia FM2 mwaka 1984 kumpiga yule msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, katika kambi ya wakimbizi kule Pakistani. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni nzuri na imeenea, illa betri ikiisha katikati ya safari imekuwa tofali. Tena nyingine hukohoa kama mwenye pumu kila ukibonyeza, dalili ya mafuta kukauka. Olympus OM-1 ni ndogo na nyepesi, yafaa sana msafiri, bali kipima mwanga chake kiliundiwa betri ya zebaki ambayo leo haiuzwi tena.

Kwa shilingi 30,000 nilimwelekeza kwenye Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997. Haina mapambo. Hufanya kazi bila betri, na kipima mwanga chake hakina swichi, kwa hiyo lenzi lazima ifunikwe, ama sivyo betri huisha bure. Kwa taa ya arusi ya usiku yatosha.

Jambo la safari: atakayepanda ndege aziweke filamu katika mkoba wa mkononi na aombe zikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za viwanjani huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Atakayepanda mashua, akifika aipanguse kamera chumvi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kikavu.

Ile ya kung'aa tuliipima pamoja. Mwendo mkali, nusu dirisha. Mwuzaji akasema ni mwanga wa siku hiyo.

K1000 tuliipata wiki ya pili, imechubuka pembeni, lenzi safi. Binti akapiga filamu moja ya majaribio nyumbani kwao, akaisafisha bafuni, akaitundika kwa vibanio vya nguo. Katika 36, picha 34 zimetoka barabara. Mbili zina ukungu wa kutikisika: mamake alikuwa akicheka.