Gari la Zamani la Magurudumu Manne Lililofungwa Mfumo wa Gesi: Matunzo, Matengenezo na Haki za Mlaji

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa njia ya bomba. Kwa muda mrefu matumizi yake makubwa yalikuwa kufua umeme na kuendesha viwanda. Siku hizi imeingia pia barabarani, kwanza katika teksi na bajaji, na sasa katika magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu manne, kama vile Prado, Pajero, Escudo na RAV4 za petroli. Wamiliki wa magari haya wana sababu ya msingi: gari ni imara na linafaa kwa njia zetu, lakini linakunywa mafuta kupita uwezo wa mfuko.

Gesi inaweza kupunguza gharama hiyo. Hata hivyo, gari lenye umri wa miaka 20 au zaidi haliwi jipya kwa kubadilishiwa nishati. Kasoro zilizokuwa zikivumilika lilipotumia petroli hujitokeza wazi linapotumia gesi. Katika makala haya tunaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kufunga mfumo, anapolitunza gari, na anapotaka kununua gari ambalo tayari limefungwa.

1. Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Gesi huhifadhiwa katika mtungi kwa shinikizo la takriban bari 200. Kwa kulinganisha, tairi la gari hujazwa upepo wa bari 2 na kidogo tu. Kutoka kwenye mtungi, gesi hupita katika bomba jembamba la chuma hadi kwenye regyuleta iliyo karibu na injini. Regyuleta hupunguza shinikizo hilo, kisha gesi huchujwa na kupelekwa katika nozeli zinazoiingiza kwenye injini kwa kipimo kinachoamuliwa na kompyuta ndogo ya mfumo.

Petroli haiondolewi. Gari huwashwa kwa petroli, na injini ikishapata joto mfumo huhamia kwenye gesi wenyewe. Gesi ikiisha, gari hurudi kwenye petroli.

2. Je, gari lako linafaa?

Jambo la kwanza ni aina ya injini. Mfumo tunaouzungumzia hapa ni wa injini za petroli, ambazo huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta kwa mgandamizo. Kwa hiyo Land Cruiser ya dizeli haiwezi kufungwa mfumo huu kama ilivyo, na fundi anayeahidi kuifanya kazi hiyo kwa bei ya kawaida anastahili kuulizwa maswali mengi.

Jambo la pili ni afya ya injini. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, omba injini ipimwe mgandamizo katika kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, tengeneza kwanza. Kagua pia radieta, mipira ya maji, koili na nyaya za plagi. Gereji makini hukataa kufunga gesi kwenye injini mbovu. Gereji isiyopima chochote inauza vifaa tu.

3. Hesabu kabla ya uamuzi

Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribiana na ya lita moja na nusu ya petroli. Mtungi wa ujazo wa lita 60 huingia takriban kilo 10 za gesi. Ikiwa gari lako hutumia lita 14 za petroli kwa kilomita 100, mtungi huo utakufikisha kilomita 100 hivi. Kutoka Dar es Salaam mtungi mmoja hautoshi kukufikisha Morogoro, na ukiwa mbali na vituo vya gesi utaendelea kwa petroli. Mlaji anayesafiri zaidi mikoani afahamu kwamba akiba yake itakuwa ndogo kuliko ya yule anayezunguka mjini kila siku.

Fanya hesabu yako mwenyewe kwa bei za siku hiyo. Tafuta gharama ya kilomita moja kwa petroli, kisha kwa gesi. Tofauti yake ndiyo akiba. Kwa mfano, kama akiba ni shilingi 150 kwa kilomita na ufungaji unagharimu shilingi milioni 2, itakubidi uendeshe zaidi ya kilomita 13,000 kwa gesi kabla ya kurudisha fedha zako. Ongeza humo gharama za matengenezo tunazozieleza hapa chini.

4. Mtungi na mahali pake

Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kilo 60 au zaidi, karibu sawa na mtu mzima anayesafiri nawe kila siku bila kushuka. Katika gari la zamani, springi za nyuma zilizochoka huinama zaidi, taa za mbele hunyanyuka na kuwaumiza macho madereva wengine, na breki hufanya kazi ya ziada. Kagua springi na shokapu kabla ya ufungaji, na usipakie mzigo kana kwamba mtungi haupo.

Mtungi ukiwekwa ndani ya gari, vali yake lazima iwe katika kasha lisilovujisha, lenye bomba la kutolea hewa nje ya gari. Ukiwekwa chini ya gari, uwe juu kuliko sehemu za chini kabisa za chesisi na ukingwe dhidi ya mawe. Mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza nati, na tope likinaswa kati ya mkanda wa chuma na mtungi hushika unyevu na kuleta kutu mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya safari ya njia mbaya au kuvuka maji, osha sehemu hiyo kwa maji ya kawaida na kagua mikanda, raba zake na bomba lote. Anayeweka jeki ahakikishe haigusi bomba la gesi.

Kila mtungi halali una maandishi yaliyogongwa au kubandikwa na mtengenezaji: namba, kiwango kilichofuatwa, shinikizo, na tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Kanuni Na. 110 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya gesi inataka mtungi ukaguliwe angalau kila baada ya miezi 48, na ukomo wa matumizi yake usizidi miaka 20. Cheti chako kikitaja muda mfupi zaidi, fuata cheti. Gari likigongwa, likipinduka au kuungua, mtungi ukaguliwe na mtaalamu kabla ya kujazwa tena, hata kama hauna alama inayoonekana.

Tunasisitiza jambo moja lisilo na mjadala: mtungi wa gesi ya kupikia usitumike kamwe badala ya mtungi wa gesi asilia. Haukutengenezwa kubeba bari 200, na ukijazwa kwa shinikizo hilo unaweza kupasuka na kuua watu waliopo kituoni.

5. Matunzo ya injini

Plagi na cheche. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko petroli. Plagi zilizochoka na nyaya zilizopasuka ndizo chanzo cha kawaida cha gari kukatakata mlimani. Badilisha plagi mapema kuliko ulivyozoea, na uweke mwanya unaoelekezwa na mtengenezaji wa mfumo.

Maji ya kupozea injini. Gesi inaposhuka kutoka shinikizo kubwa hadi dogo, hupoa sana. Regyuleta hupashwa joto na maji ya injini ili isigande. Maji yakipungua, regyuleta hupoa, gari hukosa nguvu, na wakati mwingine utaona umande au barafu juu yake. Kwa hiyo radieta inayovuja, iliyokuwa ikiongezewa maji ya bomba kila asubuhi, haifai tena kuachwa hivyo. Itengenezwe.

Vali. Hapa ndipo injini za zamani huumia bila kelele. Petroli inayoingia kama matone hupoza vali na kuacha utando kidogo. Gesi huingia ikiwa kavu. Taratibu, mahali vali inapokalia hulika, vali huzama, na nafasi yake hupungua hadi isiweze kufunga sawasawa. Wengi hudhani vali mbovu lazima zigonge. Katika hali hii ni kinyume: injini huwa kimya kuliko awali, lakini husumbua kuwaka asubuhi na hutetemeka ikiwa imesimama. Ikiachwa, vali huungua na silinda hedi yote hushushwa. Katika injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990, ikiwemo ya lita 2.7 ya Prado, nafasi ya vali hurekebishwa kwa visahani vidogo vya chuma, na kazi hiyo ni nafuu kuliko kutengeneza silinda hedi. Tunashauri nafasi ya vali ipimwe kabla ya kufunga gesi, ipimwe tena baada ya kilomita 20,000, na vipimo viandikwe ili ulinganishe.

Oili. Gesi haiachi masizi mengi, hivyo oili huonekana safi kwa muda mrefu. Rangi hiyo isikudanganye. Badilisha oili kwa kilomita zilezile ulizokuwa ukifuata.

Petroli. Usiache tangi likauke. Katika magari mengi pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Weka angalau robo ya tangi, na mara kwa mara endesha kilomita kadhaa kwa petroli tupu ili nozeli zake zisizibe na petroli isikae hadi ikaharibika.

Vichujio. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi hupunguza nguvu ambayo tayari imepungua kwa sababu ya gesi. Kichujio cha gesi kibadilishwe kwa ratiba ya mtengenezaji wa mfumo.

6. Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Gesi asilia huwekewa harufu kali ili ivujapo itambulike. Ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda juu na kutawanyika mahali pa wazi, lakini hujikusanya chini ya paa la banda lililofungwa. Ukisikia harufu:

(a) simamisha gari mahali pa wazi na uzime injini;
(b) shusha abiria wote, na mtu yeyote asivute sigara;
(c) usiwashe wala kuzima taa au kifaa chochote cha umeme;
(d) funga vali ya mtungi kwa mkono, kama inafikika bila hatari;
(e) acha milango wazi, kaa mbali, na umwite fundi aliyeidhinishwa. Moto ukitokea, piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Uvujaji mdogo hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio. Usitumie kiberiti hata siku moja. Fundi wako wa kawaida anaweza kubadilisha plagi, oili na vichujio vya hewa. Asilegeze maungio ya shinikizo kubwa, na asichomelee chuma karibu na mtungi. Bodi ikihitaji kuchomelewa, mtungi uondolewe kwanza na mtaalamu wa gesi.

7. Ukinunua gari lililokwisha kufungwa

Mtungi wenye historia isiyojulikana unaweza kugharimu maisha. Muuzaji akikuambia kwamba karatasi zilipotea, usichukue neno lake. Soma namba iliyo kwenye mtungi wenyewe na uilinganishe na cheti. Kama maandishi yamefutwa, yamepakwa rangi au hayafanani na cheti, hesabu mtungi huo kuwa haufai, na utoe gharama ya mtungi mpya katika bei ya gari. Endesha gari kwa petroli, kisha kwa gesi, likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Gari linalowaka vibaya asubuhi lipimwe vali kabla ya kulipiwa.

8. Haki zako

Mfungaji anapaswa kukupa risiti, cheti cha ufungaji chenye namba ya mtungi, dhamana ya maandishi na ratiba ya matengenezo. Tumia karakana iliyoidhinishwa, na omba kuuona uthibitisho huo kabla ya kazi kuanza. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari limefungwa gesi, ili isije ikakataa kukulipa siku ya ajali.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Kazi ikiwa mbovu, rudi kwanza kwa mfungaji na malalamiko yaliyoandikwa, ubaki na nakala, na umpe muda maalumu wa kurekebisha. Asipotekeleza, peleka shauri lako Tume ya Ushindani pamoja na risiti, cheti na picha za kasoro. Bila risiti madai yako hudhoofika sana. Kwa hiyo usikubali punguzo la bei linalotolewa kwa sharti la kutokupewa risiti.

Gari la zamani lililofungwa gesi kwa usahihi na kutunzwa kwa ratiba linaweza kumhudumia mwenyewe kwa miaka mingi na kumpunguzia gharama. Tunamshauri kila mmiliki aweke daftari dogo ndani ya gari, aandike humo tarehe ya ukaguzi wa mtungi, vipimo vya vali na kila matengenezo yanayofanyika. Daftari hilo litamsaidia fundi, litamlinda mmiliki katika madai, na litaongeza thamani ya gari siku litakapouzwa.